Siku za Kumsubiri Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Teddy alifagia chumba walichopanga pale Nyamongo, akachota maji, kisha akachemsha chai ya rangi ya watu wawili. Baba yake, Mboje, aliinywa harakaharaka, akaenda kwenye maduara, yale mashimo marefu ambamo wachimbaji wadogo hushuka kutafuta dhahabu. Mama yake alifariki Shinyanga walikotoka. Hapa hawakuwa na ndugu hata mmoja. Shuleni wenzake walicheza kwa Kikurya, naye hakukielewa, hivyo wakati wa mapumziko alisimama peke yake ukutani akijifanya anasoma.

Siku moja habari zilienea kwamba kuna rashi huko Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara. Dhahabu mpya imeonekana, watu walisema, na wachimbaji wakaanza kukimbilia huko.

"Naenda kujaribu bahati yetu, mama," baba alimwambia binti yake. "Jumamosi nitakuwa hapa. Ukipata shida, mwambie Mama Waisiko."

Mama Waisiko alikuwa mwenye nyumba, mwanakwaya mwenye sauti nzito. Alikuwa mtu mwema, lakini Teddy aliona haya kumsumbua mtu asiye ndugu.

Jumamosi ikaja, ikapita. Jumapili kanisani Teddy alipiga magoti. "Mungu, mrudishe baba yangu leo," aliomba, kisha akafumbua macho na kutazama mlangoni. Hakuingia mtu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama Waisiko walipotoka.

"Marahaba. Baba amerudi?"

"Ndiyo, amerudi," Teddy alidanganya, akaondoka upesi.

Siku nzima alikaa chumbani akisikiliza pikipiki zikipita. Mungu amenyamaza, aliwaza. Basi nitamtafuta mwenyewe.

Jumatatu hakwenda shule. Alifunga nguo zake katika mfuko, akashika njia ya Kisaka. Aliogopa madereva wa bodaboda wasije wakamrudisha, kwa hiyo akaacha barabara na kufuata njia ya ng'ombe. Mbele akakuta kijito kilichofurika kwa mvua. Alikitazama, akaamua maji yatamfika magotini tu.

Hatua ya tatu yalimfika kiunoni. Miguu ikateleza. Mfuko ukachukuliwa na maji, naye akashika matete kwa mikono miwili, akajivuta hadi ukingoni. Akaita. Hakuna aliyeitika.

Alilia mpaka akachoka. "Mungu," alisema mwishowe, "nilidhani najua njia. Sijui. Nifanye nini?"

Hakusikia sauti yoyote. Alikumbuka tu maneno ya baba: mwambie Mama Waisiko. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, maana alikuwa anarudi kwenye chumba kitupu. Hata hivyo aliinuka, akarudi.

Mama Waisiko alimkuta mlangoni pake amelowa. Teddy alimweleza yote, pamoja na ule uongo wa Jumapili. Mama Waisiko alimvisha kanga kavu, akampa uji wa moto, ndipo akampigia simu mchungaji wa kanisa lao kule Kisaka, amwulizie Mboje.

Jibu halikuja siku hiyo. Jumanne nayo ikaisha kimya. Teddy alilala kwa Mama Waisiko, lakini upweke ulikuwa palepale. Kila pikipiki iliposimama nje, alisimama na yeye. Aliomba, akangoja.

Jumatano mchana baba alishuka kwenye gari, mkono umefungwa kwa bendeji. Teddy alimkumbatia kiunoni, hakutaka kumwachia.

"Jiwe liliniangukia Ijumaa, hata simu ikavunjika," baba alieleza. "Nikapelekwa hospitali Musoma. Watu wa kanisa wamenitafuta mpaka wakanipata, wakanileta. Hata ungefika Kisaka, mwanangu, usingenikuta."

"Nilimwomba Mungu, baba. Nikaona hanijibu."

Mama Waisiko aliweka chini beseni la mboga alizokuwa akichambua.

"Ulimwomba, halafu ukamwekea saa," alisema. "Ilipopita, ukashika usukani mwenyewe. Teddy, kumtumaini Mungu si kukaa bila kufikiri. Akili amekupa yeye, itumie. Lakini akili yako haioni ng'ambo ya mto. Yeye anaona. Na mara nyingi msaada wake anaupitisha kwa watu. Ukitudanganya sisi, atakusaidia kwa mkono wa nani?"

Mboje aliinamisha kichwa. "Hayo hata mimi yananihusu, dada. Nilisikia neno dhahabu tu, nikamwacha mtoto. Sikumuuliza mtu, wala Mungu sikumuuliza."

"Basi muulizeni pamoja," Mama Waisiko alijibu. "Na akichelewa kujibu, msikae chumbani mmejifungia. Njooni kwangu, tumngoje wote."

Teddy akasogeza kigoda karibu naye, akaanza kuchambua mboga.