Mlango wa Roshani

Jioni ile niliteremka kununua balbu. Nyumba yangu mpya ilikuwa inaunguza balbu kila kukicha, na sikutaka mama yangu, aliyefika asubuhi hiyo kunitembelea, akae gizani.

Usicheke. Nyumba yenyewe inaitwa ya kifahari. Lifti imelala tangu nihamie, kitasa cha bafuni kilinibakia mkononi, droo ya jikoni haifunguki mpaka usogeze jiko, na vigae ukivikanyaga vinalia kama debe tupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Sebuleni kuna mlango wa roshani, lakini roshani hakuna. Ukiufungua unakutana na hewa tupu ya ghorofa ya tisa. Kwenye picha roshani ilikuwepo, na ndiyo iliyonifanya ninunue, nikimfikiria mama na magoti yake yanayotaka jua. Nilipolalamika, muuzaji aliniambia mlango ule ni pambo. Pambo! Nikaupiga komeo, na kwa kuwa kazi yangu ni kushona mapazia, nikaufunika na pazia zito. Mama alipofika niliona aibu hata kumweleza.

Niliporudi na balbu, mlinzi wa getini akaniuliza juu nimemwacha nani.

"Mama."

Akasogea karibu. Akanong'ona.

"Jua linazama. Mwambie asiitikie hodi."

"Hodi ya nani?"

"Wewe mpigie tu, dada."

Simu iliita… ikaita… haikupokelewa.

Ndipo akanieleza, harakaharaka, macho chini. Roshani zilikuwepo. Ya kwangu ilimomonyoka saruji ikiwa bado mbichi, ikaenda na fundi aliyekuwa akiipiga lipu. Wenye jengo wakazikata zote, milango wakaiacha. Tangu hapo, jua likizama, fundi huyo hupita akibisha hodi, na anayemwitikia humwomba amsindikize.

"Hujaona majirani zako hawaitiki?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni maringo ya wenye nazo.

Lakini mama yangu! Mama huitikia hodi hata akiwa usingizini.

Nilipanda ngazi mbio, balbu mkononi. Kabla sijafika, harufu ikanipokea. Saruji mbichi. Kisha nikasikia sauti ya mama, akicheka.

Nikasukuma mlango.

"Afadhali umekuja," alisema. "Umemwahi mgeni. Ndiyo kwanza anaaga."

Mgeni sikumwona. Niliona kiti kimevutwa, kimelowa, na nyayo za saruji kutoka kwenye pazia hadi kwenye kiti. Zilikuwa za kuja tu.

Komeo lilikuwa wazi.

Pazia lilikuwa likipepea… kwa nje.

"Fundi mstaarabu sana," mama alisema, akijiinua. "Anasema roshani ameshaimaliza. Mbona hukuniambia tuna roshani? Ngoja nimsindikize, nami nikaione."

Nilimdaka mkono. "Mama, huko hakuna kitu!"

"Usiniaibishe mbele ya mgeni!"

Nilimvuta. Hakuvutika. Mama ni mwepesi kama unyoya, lakini mkono wake wa pili ulikuwa umenyooka mbele, vidole vimekunjwa, vimeshika kitu. Na hicho kitu kilikuwa kinamvuta pia. Taratibu. Kwa adabu kabisa.

Mguu wake ukafika kizingitini. Upepo ukampandisha nguo. Nililia, nikamwita Mungu, na pazia likazidi kutoka nje.

Sijui niliyatoa wapi maneno. Labda ni malezi yake mwenyewe.

"Mgeni," nikasema. "Mbona mapema? Hata hatujazungumza. Keti kwanza. Mwenye nyumba ni mimi… nitakusindikiza mwenyewe."



Vidole vya mama vikafunguka. Nyuma yetu, kiti kikalia kama kinavyolia mtu akikikalia.

Asubuhi nilimpeleka mama stendi. Hakuwa na kinyongo chochote, ila alisema nina mikono migumu. Kabla hatujatoka nyumbani aligeuka akakiambia kiti: "Karibu na kwetu, baba. Siku yoyote."

Nilitaka kumziba mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Tangu siku hiyo, kila jua likizama, kiti husogea nyuma kama cha mtu anayeinuka kuaga, na mimi husema yaleyale. Mbona mapema? Keti kidogo. Naye huketi. Watu wananiuliza kwa nini siuzi. Nimuuzie nani mgeni huyu? Na nikilala kwingine atabaki na nani wa kumwambia aketi? Najua ataenda wapi.

Leo kiti kimesogea, nami nimesema maneno yangu.

Hakikukaliwa.

"Dada…" Sauti ni ya upole, inatoka nyuma ya pazia. "Naona kazi zimekubana. Nisikusumbue. Nitamwomba mama anisindikize. Si alinikaribisha kwenu?"

Komeo linajifungua. Harufu ya saruji imejaa chumba kizima. Naogopa, sina haja ya kuficha, naogopa mpaka meno yanagongana. Huko kwetu, saa hizi, mama yuko peke yake, na akisikia hodi ataitika.

"Hapana," nimemjibu. "Usimsumbue mama. Ngoja nivae viatu."