Thelathini na Nane kwa Mia

Kila siku saa moja asubuhi, baba yake Nsimire alirudi kutoka zamu yake kwenye ghala la mboga. Alivua barakoa mlangoni, akanawa mikono mpaka viwikoni, ndipo akaketi. Nsimire, binti wa miaka kumi na tano, alikuwa ameshamwekea chai na mkate. Wakishamaliza kunywa, baba alienda kulala, naye Nsimire alifungua kompyuta ya shule juu ya meza ile ile ya jikoni. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kumi, hapo Rooty Hill, magharibi mwa Sydney, mwaka wa 2021.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Wakubwa walitoa amri kwamba watoto wasomee nyumbani, wakaenda zao. Hawakuuliza ni nani huko nyumbani atakayemweleza mtoto hesabu asiyoielewa. Mama yake Nsimire alifariki zamani, kabla hawajatoka Bukavu, Kongo, na baba alijua Kiswahili, Kimashi na Kifaransa kidogo cha shule ya msingi. Kiingereza kilikuwa kazi ya Nsimire. Barua za serikali, za umeme na za daktari, zote alizisoma yeye na kumtafsiria baba.

Mwezi wa saba mwalimu alipiga simu kuzungumza na mzazi. Alitaka kumwita mkalimani, lakini baba akakataa kwa majivuno, akasema mkalimani anaye mezani. Basi mwalimu akaeleza kwamba Nsimire ni mchangamfu, ila kwenye mtihani wa hesabu amepata thelathini na nane kwa mia, na anahitaji msaada.

Nsimire akamgeukia baba yake. "Anasema mimi ni mchangamfu," akamwambia baba, "na kwenye hesabu niendelee hivi hivi."

Jumapili hiyo, ibada ikifanyika kwenye Zoom, baba aliwatangazia waumini wote kwamba binti yake kwa hesabu ni moto wa kuotea mbali. Kabla ya sala ya mwisho, Mama Généreuse wa kule Auburn alikuwa ameshaomba Nsimire amfundishe kwa video binti yake wa miaka kumi na mmoja, Marie-Jeanne. Nsimire angekataaje?

Mwezi wa tisa ikaja fomu ya chuo cha ufundi alichokuwa akikililia, kinachofundisha umeme kuanzia darasa la kumi na moja. Aliisoma, moyo ukamruka kwa furaha. Iliandikwa kwamba, kwa sababu ya korona, kutaja alama za mtihani ni hiari: anayetaka aziandike, asiyetaka aache nafasi wazi. Mzazi atie saini chini. Baba hakuwahi kutia saini kabla hajaelezwa kila mstari. Nsimire akiacha pale wazi, chuo hakitajua, na baba pia hatajua. Akapanga kumpelekea kalamu kesho yake.

Alasiri hiyo walikuwa na Marie-Jeanne kwenye video, wakijumlisha sehemu.

"Dada Nsimire, mbona unachungulia majibu nyuma ya kitabu?"

"Nahakikisha."

"Unahakikisha kabla hujakokotoa?"

Nsimire akacheka, akasingizia kamera yake. Marie-Jeanne hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo, akanong'ona kwamba yeye amepata nne kwa ishirini, na karatasi ameificha chini ya godoro. Nsimire akamuuliza kwa nini asimwonyeshe mama yake.

"Akiiona atasema, mwangalie Nsimire. Kila siku ni mwangalie Nsimire. Mimi nimechoka kukuangalia."

Nsimire akafunga kitabu. Alidhani uongo wake ulikaa pale jikoni tu, kumbe ulishafika Auburn, ukawa fimbo ya kumchapia mtoto wa watu.

Asubuhi iliyofuata, kabla baba hajaenda kulala, Nsimire aliichukua ripoti ya shule iliyokuja baada ya ile simu, akamtafsiria neno kwa neno, bila kuruka kitu. Baba akaweka kikombe chini.

"Thelathini na nane kwa ngapi?"

"Kwa mia, Baba."

"Na mimi nimewaambia watu wangapi?"

"Kanisa zima."

Baba akajishika kichwa. Kisha akasema taratibu, "Wakubwa walifunga shule, na hilo nitawalaumu mpaka nizeeke. Lakini ile simu hawakuitafsiri wao."

Nsimire akalia, akaomba msamaha. Baba alipomaliza kumfuta machozi alitaka kujua fomu inasemaje. Aliposikia inaruhusu kuacha wazi, alisema basi kuacha wazi si uongo, achague mwenyewe. Nsimire akafikiri. Umeme una hesabu tele. Akiingia chuoni bila mtu kujua anapokwama, si ataumbuka wiki ya kwanza? Akashika kalamu, akaandika thelathini na nane, na chini yake sentensi moja: bado sijaelewa hesabu za sehemu, ninajifunza. Baba akatia saini.

Jumapili baba alisimama mbele ya kompyuta akatubu kwa dakika tano nzima, huku maikrofoni imezimwa. Ikabidi atubu upya. Waumini walicheka mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Karatasi ya Marie-Jeanne nayo ikatoka chini ya godoro, na tangu hapo wasichana wale wawili walisoma pamoja kila Jumatano, kila mmoja akimkosoa mwenzake bila huruma.

Mwezi wa kumi na moja barua ya chuo ikafika. Nsimire alisoma mstari wa kwanza tu, akaanza kurukaruka.

"Soma yote," baba akasema, "hata yasiyopendeza."

Akasoma yote. Amekubaliwa. Tena, kwa kuwa alitaja alama zake, ametengewa nafasi kwenye masomo ya ziada ya hesabu, bila malipo, wiki tatu za mwezi wa kwanza. Yaani likizo yake ya kiangazi imeliwa. Baba alicheka kwa sauti, akamshika mabega.

"Umeona, mwanangu? Mtu akijua ulipokwama, ndipo anajua pa kukushika akuvute. Mimi ulininyima pa kukushika. Usininyime tena."

Nsimire akaahidi. Siku hiyo baba hakulala. Aliweka muziki kwenye simu, akacheza jikoni na soksi zake za kazini, binti yake akimfuata nyuma.