Mota ya Wagiyem

Wagiyem alikuwa fundi wa kukereza michi ya kusagia pilipili, kijijini karibu na mji wa Klaten. Mumewe, Ngatiman, alikanyaga pedali iliyozungusha mashine ya kukerezea. Kazi hiyo iliwalisha kwa miaka kumi na sita. Mwaka huu goti la Ngatiman likavimba. Akikanyaga kidogo tu, uso unamkunjamana kwa maumivu.

"Pumzika, Baba Rini," Wagiyem alimwambia.

"Nikipumzika nani atakanyaga? Paka?"

Siku moja Ngatiman alirudi na mota kuukuu iliyotolewa kwenye mashine ya kufulia. Waya wake ulikuwa umechunika. Akauzungushia utepe, akavisha mkanda kutoka mota hadi mashine, akachomeka plagi. Mashine ikazunguka!

Wagiyem alitoka mbio jikoni, mikono ikiwa bado na maji ya kuoshea mchele. Akashika chuma cha mashine. Umeme ukamnasa. Hakuweza kuachia wala kupiga kelele.

Ngatiman aliruka na goti lake bovu, akachomoa plagi. Wagiyem akaanguka chini. Alikuwa anapumua, lakini mkono ulikuwa umekufa ganzi. Walikwenda zahanati, na daktari akamruhusu kurudi nyumbani jioni ile ile.

"Mota hii naitupa mtoni," Ngatiman alisema.

"Huitupi. Kesho namwita Surti."

Surti, jirani yao, alikuwa akitengeneza mota kiwandani.

"Surti? Mwanamke aje anifundishe waya?"

"Mwanamke mwingine nusura umzike leo."



Surti alipofika, alisikiliza kisa chote. "Kaka, ulifanya vyema kuchomoa plagi kwanza. Ungemshika yeye, mngenaswa wawili." Kisha akamgeukia Wagiyem. "Dada, njoo. Leo utafanya wewe."

"Mimi? Naogopa!"

"Vizuri. Anayeogopa hukagua."

Plagi ilikuwa imechomolewa. Surti alionyesha kikopo kidogo kando ya mota. "Hii ni kapasita. Inahifadhi umeme hata plagi ikiwa nje." Akagusisha nyaya mbili za balbu kwenye ncha zake mpaka umeme ukaisha, akahakikisha kwa kipimo. Ndipo Wagiyem akaruhusiwa kugusa.

Kipimo kilionyesha kuwa nyaya za ndani ya mota hazigusi chuma cha nje. "Mota ni nzima," Surti alisema. "Uliokuwa unavuja ni ule waya wenu wa viraka. Tupa."

Waya mpya ulikuwa na nyuzi tatu ndani. "Mbili zinaleta umeme. Huu wa kijani na njano ni wa ardhi. Umeme ukivuja, unapita hapa badala ya mwilini mwako."

Wagiyem alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akakaza waya wa ardhi kwa nati, mmoja kwenye mota, mwingine kwenye mashine. Soketi yao haikuwa na waya wa ardhi. Surti akapigilia nondo ya shaba ardhini nje ya ukuta, akaiunganisha na soketi. Ukutani akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja.

"Na mbona jana ilikwenda kasi kama pikipiki ya mwizi?" Ngatiman aliuliza.

"Puli zako hizi zinazobeba mkanda zinalingana. Weka ndogo kwenye mota, kubwa kwenye mashine. Itapungua kasi. Halafu tengeneza kifuniko cha mkanda. Mkanda haujui kidole ni nini."

Ngatiman alikitengeneza kwa mbao, kizuri kweli.

Surti alipima tena kila kitu, kisha akamwambia Wagiyem akaushe mikono na awashe. Wagiyem alifumba macho, akabonyeza, akayafumbua. Mti uliofungwa kwenye mashine ukazunguka polepole, upande wa juu ukimjia yeye kama inavyotakiwa. Akaegemeza patasi. Maranda yakamwagika, marefu, laini. Akacheka kwa sauti.

Mwezi ule uvimbe wa goti la Ngatiman ulinywea. Sasa yeye anasugua michi kwa msasa akiwa ameketi, na michi inayotoka ni mingi kuliko zamani. Majirani watatu wamekuja kumwomba Wagiyem awakagulie mashine zao. Yeye huwaambia neno lile lile: "Chomoa kwanza."

Juzi Ngatiman aliinuka, akaisogelea mashine. "Nami nijaribu kidogo."

Wagiyem alitazama saruni aliyojifunga mumewe kiunoni, iliyokuwa ikipepea karibu na mti unaozunguka. Akazima.

"Na hiyo saruni? Nenda kavae suruali."

"Nyumbani kwangu mwenyewe?"

"Kavae suruali, Baba Rini."

Akaenda ananung'unika. Akarudi amevaa suruali, na shati amelichomekea.