Nani Aliyesambaza Wimbo wa Mjomba?

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Chiriku alichukua simu ya mama yake na kutafuta nyimbo. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Nyimbo alizipakua kwenye tovuti isiyodai hata senti, kisha akawarushia wanafunzi wenzake, nao wakamsifu hadi kichwa kikavimba. Wimbo mpya wa mjomba wake, mwanamuziki aliyeishi nao, nao aliurusha hivyo hivyo. Alijiona mpwa mwema.

Jioni moja, mgeni alipiga hodi. Mjomba alitoka chumbani na gitaa lake, akalifuta vumbi taratibu, akamkabidhi.

"Unaliuza?" mama alishtuka.

"Nifanyeje, dada? Wimbo unaimbwa kila kona, lakini walionunua hawafiki hata kumi. Mpiga ngoma wangu keshaenda kutafuta kibarua. Mimi nami kesho naanza kubeba magunia ghalani."

Mgeni alijaribu nyuzi, akaridhika, akaingiza mkono mfukoni. Chiriku akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, ataiweka wapi sura yake?

"Mjomba, usiuze!" alipayuka. "Ni mimi! Niliupakua bure nikausambaza darasa zima. Nilidhani nakutangaza."

Mjomba aliketi kama aliyeishiwa nguvu.

"Wewe? Uliyenisikia nikirudia ubeti mmoja siku nzima?"

Chiriku alilia kwa aibu, na hakuna aliyembembeleza. Hatimaye mjomba alimtaka radhi mgeni na kulichukua tena gitaa lake.

Kesho yake Chiriku aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa.

"Ule wimbo mpya niliowarushia, aliyeutunga ni mjomba wangu. Ufuteni, tafadhali. Anayeupenda aununue."

"Ubahili tu huo!" mmoja alidakia, wengine wakacheka. Lakini mwalimu aliununua papo hapo, na jioni wazazi kadhaa nao wakanunua. Habari ikaenea. Mwezi haukuisha kabla mpiga ngoma hajarudi.

"Fundi akikushonea kiatu, unamlipa," mjomba alimwambia Chiriku. "Wimbo haushikiki mkononi, lakini nao ni jasho la mtu. Sifa nazipenda, mpwa wangu, ila haziliwi. Ukipenda boga, penda na ua lake. Ukiupenda wimbo, mwache na aliyeutunga ale."