Salamu Isiyoitikiwa

Kwanza ilikuwa harufu tu. Safina alifungua stoo ya kumbukumbu ya kituo cha polisi cha Nyamuhanda, Kibondo, akakutana na harufu ya muhogo uliolowekwa ukachacha, na humo ndani hamkuwa na muhogo wala maji. Akainama chini ya rafu kutafuta panya mfu. Hakuona kitu.

Ilikuwa mwaka 2013. Kakonko ilishamegwa kutoka Kibondo ikawa wilaya yake yenyewe, na mafaili yalikuwa yanagawanywa kama vyombo vya ndugu waliohitilafiana. Safina, karani, aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Baba yake, Mudathiri, alikuwa gerezani tangu 1989, hukumu yake ya kunyongwa ikiwa imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha, kwa kumuua Ridhiwani, mfanyabiashara mwenzake, kando ya kijito cha Kigaraga. Mama yake, Asia, alimlea kwa wimbo mmoja: baba yako kaonewa. Na wakili alishamwambia, "Niletee shahidi ambaye polisi hawakumsikiliza, nami nitaifufua kesi."

Siku ya tatu akalipata daftari la redio la mwaka ule. Mwandiko ulikuwa wa haraka: Saa 3:15 asubuhi. Kigaraga. Bibi Nyamwiza, kwa redio ya kijiji, habari za mauaji. Anasalimia tu. Nimekata.

Aliyekata hakuwa Muha, mwenyeji wa huku, hilo halihitaji kuulizwa. Muha haanzi na shida. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anaulizia mlivyoamka, watoto, shamba, ng'ombe, na wewe unaitikia moja baada ya jingine mpaka njia ya maneno ifunguke. Usipoitikia, umemfukuza. Safina aliulizia Kigaraga, akaambiwa bibi huyo alikufa zamani, na tangu siku ile hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu.

Kesho yake, saa tatu na robo, redio kolu kuukuu, ile ya polisi ya kuitana na vijiji, iliyokuwa juu ya rafu, isiyo na betri, waya wake umetafunwa na panya, ikapiga makofi.

Pa. Pa. Pa.

"Mwakeye," ikasema sauti ya kikongwe, salamu ya asubuhi ya Kiha.

Safina alitoka mbio akaacha kiatu kimoja. Afande Nestori, msimamizi wa stoo, mtu wa Songea, alimcheka mpaka akakohoa. Siku iliyofuata akasikia kwa masikio yake, na kicheko kikamkauka. Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwita Mzee Omary, fundi wa majini pale mjini, ambaye wazazi wake walitokea Pangani.

Omary alifika asubuhi na chetezo cha ubani. Akasimama mlangoni kwa muda mrefu bila kuingia.

"Mtu hufa, jini lake likabaki limeshika neno lake," alinong'ona. "Nikilifukuza, litaondoka nalo. Ukiliitikia, litasema. Ila mwanangu, ukishasikia huwezi kusema hujasikia. Nifanyeje?"

"Usilifukuze, mzee." Safina akamshika mkono wa chetezo. "Huyo ni shahidi wa baba yangu."

Saa tatu na robo makofi yakaanza. Safina akachuchumaa mbele ya rafu, akapiga ya kwake, akaitikia. Kikongwe akaulizia walivyoamka, akaitikia. Akaulizia watoto, akaitikia. Akaulizia shamba, na kila jibu lilipotoka ile harufu ya muhogo ilizidi kumjaa puani, sakafu ya saruji ikalowa chini ya nyayo zake, baridi ya kijito ikampanda mapajani, na ubani wa Omary ukazimika wenyewe huku mzee akisoma dua kwa midomo isiyotoa sauti, mpaka salamu zote zikaisha.

Ndipo sauti ikasema, kwa Kiha, polepole, kila neno likisikika.

Nilikuwa naloweka muhogo. Ridhiwani alimvamia mwanamke wa watu pale kijitoni. Mwanamke akalifikia panga, akamkata, akamkata tena. Mumewe alikuja mbio baadaye, akalichukua lile panga mkononi mwa mkewe, akamwambia nenda nyumbani. Mudathiri hakuua. Tulioona tulikuwa wawili: mimi, na mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama yake. Mtoto huyo ndiye anayeniitikia sasa.

Redio ikanyamaza. Safina alibaki amechuchumaa. Alitamani kufa.

"Amesema nini?" Nestori aliuliza kwa mnong'ono, kalamu mkononi. "Mimi Kiha sikielewi. Safina, niandike nini?"

Omary naye hakuelewa. Alikuwa anamtazama tu, akisubiri. Safina akajua kwamba angeweza kudanganya na asingekuwepo mtu wa kumkosoa. Kisha simu yake ikalia.

"Mwanangu," akasema Asia, kwa ile sauti yake ya upole, "leo nikupikie nini?"

"Chochote, mama."

Akakata. Akamwona akilini baba yake, ambaye amemjua kwa kupitia wavu wa gereza tu, jinsi ambavyo kila Safina akienda humuuliza jambo moja: mama yako hajambo? Machozi yakamshuka, akalia waziwazi, bila haya, mbele ya wanaume wale wawili.

"Andika, afande," alisema. "Shahidi yupo, yu hai. Siku ya mauaji alikuwa na miezi saba, alikuwa mgongoni mwa aliyeua. Jina lake Safina binti Mudathiri. Andika polepole, maana nikimaliza nakwenda nyumbani kula."