Kufuli za Dorine

Soko Kuu la Songea siku ya Jumamosi halina adabu. Unasukumwa, unakanyagwa, na bado unaitwa mteja. Dorine, karani wa chama cha akiba cha wakulima wa kahawa, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, alikuwa ameinamia meza ya dagaa wa Nyasa akilipa kwa simu, anabonyeza namba ya siri huku anaitamka.

"Dada, badilisha namba hiyo," sauti ikasema nyuma yake. "Nimeshaijua, na muuza dagaa anaijua."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi, anatabasamu bila haya.

"Wewe mwizi?"

"Mimi Valence, fundi wa mifumo ya kompyuta. Wezi ndio wanaonipa ugali."

Dorine akacheka, na jamani, hapo ndipo alipokwisha.

Yakafuata mapenzi ya simu. Valence alipokwenda semina Dodoma, haikupita jioni bila kupiga.

"Mama la mama, umekula?"

"Nimekula. Hizo kompyuta zako za kwantamu hazijambo?"

"Cheka tu. Bado changa, ila zikikomaa zitafungua kufuli nyingi zinazolinda siri mtandaoni leo. Wezi wanazibeba siri zikiwa zimefungwa, wanaziweka, wanasubiri."

"Kama kuiba sanduku bila ufunguo?"

"Ndiyo hivyo, kipenzi. Kufuli mpya zimeshatangazwa. Nikiwa njiani kurudi nitakuandikia mbadilishe nini hapo chamani."

"Andika. Na urudi haraka, nimekumisi."

Akaandika kweli. Siku hiyo chama kilikuwa na mkutano mkuu katika ukumbi wa parokia. Mama Oliva, mama mzazi wa Dorine, amekaa mstari wa mbele na kitenge chake cha akina mama wa kanisa. Dorine ameunganisha kompyuta na projekta, na WhatsApp yake ameisahau wazi. Mwenyekiti, mzee Aidan, yuko katikati ya habari za mbolea, ujumbe ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango:

*Mpenzi, njia nzima nawaza kufuli zako. Ni za kizamani, zinafunguka kirahisi mno. Badilisha zote kabla sijafika.*

Sasa, mitaani kwetu kufuli ni ile ya mlangoni, na pia ni nguo ya ndani. Ukumbi mzima ulichagua ya pili. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na Mama Oliva akajifunika uso kwa upindo wa kitenge chake.

Mzee Aidan akakohoa. "Binti, huyu nani?"

"Simjui, mzee. Amekosea namba."

Na jina lilikuwa pale pale juu ya ujumbe: Valence Wangu. Kila aliyejua kusoma alilisoma.

Tena mwenyewe alikuwa mlangoni, begi mgongoni, katoka stendi moja kwa moja. Ujumbe aliuandika basi likiwa bado njiani, Madaba, mtandao ukauleta yeye ameshafika. Alisikia kila neno. Dorine alipoinua macho aliona mgongo wake tu.

Jioni, nyumbani, Dorine akampigia. Akampigia tena. Mwishowe simu ikapokelewa.

"Valence, mpenzi..."

"Samahani, dada. Umekosea namba."

Dorine akakaa chini jikoni, uso unawaka moto. Mama yake alikuwa anachambua maharage.

"Ya kufuli nimeshayameza," Mama Oliva akasema bila kumtazama. "Watu watacheka, watachoka. Lakini umemkana mtu mbele yangu, mimi niliyekuzaa, na jina lake liko ukutani. Hilo ndilo linalonifanya nione aibu, mwanangu."

Mkutano ulipoitishwa tena, Dorine alikuwa amemwandikia Valence: *Njoo. Usipotaka kuingia, simama mlangoni, palepale.* Hakujibiwa. Akaomba nafasi ya kusema hivyo hivyo.

"Shikamooni. Ule ujumbe ulihusu kufuli za mfumo wetu, zinazolinda siri zenu." Akaeleza habari ya wezi wanaosubiri. "Na mimi niliwadanganya. Yule mtu namjua. Ni Valence, mpenzi wangu. Nilimkana kwa aibu, na aibu ya kumkana ni kubwa kuliko ile."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa hizo kufuli zimeshabadilishwa?"

"Bado, mzee," sauti ikajibu mlangoni. "Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Watu wakacheka, safari hii kwa upole. Mama Oliva akageuka.

"Pita, baba. Ila siku ukileta posa kwangu, usiseme kufuli, sema komeo."

Valence akaja akakaa kando ya Dorine, ambaye hakuweza kuinua uso. Akamwinamia sikioni.

"Dada, hukukosea namba?"

"Sikukosea," Dorine akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.