Bomba la Nyumba ya Katikati

Kila alfajiri Mbuke alichota maji lamboni, akamkanda mama yake miguu, ndipo akavaa sare ya shule. Kwao kulikuwa mbali kuliko kwa watu wote. Baba yake alijenga huko ili awe karibu na duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na duara hilohilo ndilo lililomfukia. Tangu msiba ule mama alivimba miguu, hatoki nje. Mtoto wa darasa la sita, masikini, akabaki na nyumba nzima mabegani.

Basi kitongoji kikapata bomba moja. Kikao kikaamua lijengwe usawa wa nyumba ya katikati, na Mwalimu Valerian akamtuma Mbuke, hodari wake wa hesabu, akapime umbali wa kila nyumba kutoka njia panda. Nyumba zilikuwa tano, zote kando ya barabara moja. Kwa mamia ya hatua, alipata tano, mbili, kumi na sita, nne na tatu. Hiyo kumi na sita ndiyo kwao.

Alijua vizuri la kufanya: azipange kuanzia ndogo hadi kubwa, achukue ya katikati. Lakini alijua pia kwamba akitafuta wastani, ile kumi na sita ingevuta jibu lije upande wao. Akajumlisha, akagawa kwa tano, akapata sita. Mwalimu alimwamini, na kijiti cha kuonyesha mahali pa bomba kikachomekwa kwenye hatua ya mia sita.

Kesho yake alimkuta Bibi Mwanaima, wa nyumba ya kwanza, ameketi chini kando ya kijiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa najaribu kama miguu itafika. Imefika, ila kwa tabu." Akajifuta jasho. "Marehemu baba yako alikuwa haachi kunipitishia dumu la maji. Nitazoea tu."

Mbuke hakuweza kumtazama usoni. Moyo ulimuuma mpaka darasani.

"Mwalimu, nimewadanganya. Nilitafuta wastani."

Mwalimu Valerian akaandika ubaoni: 2, 3, 4, 5, 16. "Mbili kushoto, mbili kulia, katikati ni nne. Hata mngehamia mbali hadi mji wa Isaka, hiyo nne isingesogea. Wewe unalijua hili. Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Mama hawezi kutembea. Na mimi nimechoka, mwalimu."

Jioni mwalimu alimpeleka kwenye kikao, na Mbuke akasema yote mwenyewe. Kijiti kikarudishwa kwenye hatua ya mia nne, mbali na kwao.

Mzee Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji, akamwita karibu.

"Tuliona kijiti kimepita nyumba nne, tukanyamaza kwa kuwa tuliambiwa ni hesabu. Umefanya vizuri kusema kweli. Lakini sikiliza, binti yangu. Namba ya katikati inatuonyesha katikati ni wapi, basi. Haijui nani anaumwa. Shida ya mama yako ungetuambia kwa mdomo, usingeificha ndani ya hesabu ya watu wote. Na sisi tumekosa. Tulizika, tukatawanyika, hatukurudi kuwauliza mnaishije. Kuanzia kesho kila nyumba itawaletea maji kwa zamu, mpaka mama yako apone."

Mbuke akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya maziko hakukipata, na Bibi Mwanaima akamkumbatia, akamwacha alie.